Bendi yenye mganga na pepo

Kijana wa dirishani aliniuliza kama sahani zangu ni za udongo au za melamini.

Fomu nilikuwa nimeijaza mwenyewe, "sahani moja ya santuri", na yeye akasoma neno la kwanza akaishia hapo. Kifurushi kilikuwa mbele yake, bapa kama boksi la piza, kimezungushiwa gundi ya kahawia pande zote, kimetoka Uholanzi. "Moja tu, kaka? Umeagiza sahani moja kutoka Ulaya?" Nikamweleza siyo ya kulia wali, ni ya muziki, zile nyeusi za zamani. Akakinyanyua, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni. Roho ikanitoka. "Aah," akasema, "kama za babu." Akagonga muhuri, akanielekeza dirisha la kulipia.

Nikakipakata kwenye bajaji kutoka mjini hadi Kijitonyama, saa saba mchana, nimekikinga jua kwa mgongo wangu. Vinili na jua la Dar haviivi chungu kimoja. Nimewahi kuacha sahani ya Lee Morgan kwenye kiti cha nyuma cha gari la rafiki, muda wa kunywa supu tu, nikarudi nikaikuta imejikunja ukingoni kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Mpaka leo sindano ikipita pale inapanda na kushuka kama mtumbwi wenye abiria wengi. Siitupi. Kuanzia wimbo wa pili inasikika vizuri.

Mimi nakusanya santuri za jazi. Nikilisema hilo mbele ya watu wa rika la mjomba wangu macho yanawang'aa, kwa sababu kwao jazi ni Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz iliyozaliwa 1964, mwaka mmoja na Muungano. Neno lenyewe lilitufikia mapema. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na tangu hapo jazi kwetu ikawa ni watu waliovaa sare wanaopiga dansi. New Orleans haikuulizwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwekea mjomba Kind of Blue ya Miles Davis, alisikiliza upande mzima kwa adabu, mikono juu ya magoti, kama yuko kwenye kikao cha posa. Sindano ilipoinuka akauliza, "Mtindo wao unaitwaje?"

Nikakosa la kujibu. Western walikuwa na Saboso. NUTA walikuwa na Msondo. Bendi isiyo na mtindo, kwa hesabu za mjomba, bado iko mazoezini. Nikajaribu kumweleza kwamba hawa hata mazoezi hawakufanya. Waliingia studio New York tarehe 2 Machi 1959, Miles akawapa michoro mifupi ya sauti za kufuata, wakarekodi.

"Basi ndiyo maana," mjomba akasema, akaomba chai.

Jazi yote siiwezi, hakuna mshahara wa kuikusanya. Rafu yangu ina sahani mia moja na kidogo, na sehemu ninayoijali kuliko zote ni kona ya chini kushoto, zilipo sahani za Wamarekani zenye majina ya Kiswahili. Ziko nyingi kuliko mtu anavyodhani. Iko Uhuru Afrika ya Randy Weston. Iko Kawaida ya Tootie Heath. Iko Mwandishi ya Herbie Hancock. Gary Bartz alitoa mbili mwaka 1971, moja Taifa, nyingine Uhuru. Archie Shepp ana Kwanza. Na kabla ya wote hao, mwaka 1958, Wilbur Harden na John Coltrane walikuwa wamesharekodi Tanganyika Strut, ambayo haina neno la Kiswahili zaidi ya hilo jina la nchi, lakini naiweka humo humo. Haina kwao kwingine.

Mkusanyaji wa Tokyo au Paris akiyaona majina haya nadhani anaona nakshi. Mimi naona maneno ya kila siku. Kawaida! Mtu atoe sahani nzima aiite Kawaida. Kuna basi la kawaida na daraja la kawaida kwenye treni, na mtu akiulizwa hali anajibu "kawaida tu" akimaanisha hana hela. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Baadaye nikajua chanzo. Kawaida lilikuwa jina la mafundisho ya Maulana Karenga, yule mwanaharakati wa Wamarekani weusi wa California aliyeanzisha chama chake mwaka 1965 na sikukuu ya Kwanzaa mwaka uliofuata, akaongeza ile a ya mwisho ambayo kila Mswahili akiiona anadhani kibodi imekwama. Kwake kawaida ilikuwa na maana ya mila na desturi, na ukifungua kamusi utaona hajakosea. Ni sisi tuliolichakaza neno mpaka likabaki na bei ya nauli.

Kawaida ilirekodiwa Desemba 1969. Mwenye sahani ni mpiga ngoma, Albert Heath, ambaye humo anaitwa Kuumba, na nyimbo zake ni Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Herbie Hancock yumo kwenye piano, Don Cherry kwenye tarumbeta, Jimmy Heath kwenye saksafoni. Aliyeleta Kiswahili studioni ni mtoto wa Jimmy, kijana aliyekuwa mfuasi wa Karenga kule Los Angeles na aliyejiita Mtume. Jina zito hilo. Mama yangu alipoliona limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la Juicy Fruit, ule wimbo wa 1983 wa bendi yake, aliligeuza jalada likatazama ukuta. Hakusema kitu. Sijaligeuza tena mbele yake.

Huyo Mtume ndiye aliyewagawia majina Hancock na wenzake. Na hapa, wasomaji wangu, naomba mnivumilie, kwa sababu hii ndiyo bendi ninayoipenda kuliko zote duniani na sijawahi kupata mtu wa kucheka naye vya kutosha.

Hancock akawa Mwandishi. Walikusudia mtunga muziki, lakini kwetu huyo ni mtunzi. Mwandishi yuko gazetini. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi, maana limebeba kosa lenye mafunzo. Kiingereza kina neno moja kwa mtu wa mpira na mtu wa gitaa. Sisi tunapiga. Tunapiga besi, kinanda, zeze, hata filimbi tunaipiga ingawa tunaipuliza. Anayecheza ni yule aliyeko uwanjani, au yule aliyeinuka kitini muziki ulipomkolea. Kwa hiyo ukisoma jalada la Mwandishi kwa macho ya Kiswahili, Buster Williams alisafiri mpaka San Francisco, akaingia studio, akacheza, na besi ikapigwa na mtu asiyetajwa.

Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na hapo walilenga shabaha. Sijui kama liko jina zuri zaidi la mtu wa ngoma, na mpaka uzeeni wanamuziki wenzake wamemwita hivyo. Bennie Maupin, mpiga saksafoni na lile klarineti nene lenye sauti ya mlango wa ghala, akawa Mwile. Mwili ulikusudiwa, ukatoka na e. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto.

Bendi moja ina mganga na ina pepo.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa inavyoishia. Watu wangu wa Tanga nikiwahadithia wanauliza kitu kimoja tu: sasa huyo pepo alipandishwa au alitolewa? Ukweli ni kwamba Henderson alikuwa mganga kwa maana ile ya serikalini, ya Mganga Mkuu wa Mkoa. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard, na alipoanza kupuliza tarumbeta na Hancock alikuwa akijifunza utabibu wa magonjwa ya akili. Kwa hiyo kati ya majina yote la kwake lilimkaa mwilini, hata kama aliyempa hakujua kwamba neno hilo linabeba ofisi mbili zisizosalimiana.

Muziki wenyewe? Wimbo wa kwanza wa Mwandishi unaitwa Ostinato, umetungwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, ambaye wakati ule alikuwa gerezani. Besi inarudia kitu kimoja, kinazunguka kwa hesabu ya kumi na tano. Ukijaribu kutikisa kichwa unapotea. Nimeshajaribu kuhesabu kwa vidole nikiwa jikoni, nikaunguza vitunguu. Wahesabu wa jazi wanaipenda sana sehemu hiyo, ila kwangu raha yake haiko kwenye hesabu. Ni kwamba hakuna anayeharakisha. Klarineti nene la Mwile linatokea chini kabisa, tarumbeta la Mganga linakuja na mwangwi kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na dakika kumi na tatu zinapita. Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973 zilifuata, zikiwa na mitambo ya umeme mingi zaidi. Hazikuuza. Bendi ikavunjika, Hancock akaenda kutengeneza fanki, akatajirika. Simlaumu.

Mwandishi yangu ni ya 1971 yenyewe. Niliinunua Nairobi, Kenyatta Market, kwenye kibanda cha santuri kilichojificha kati ya wasusi na wachoma nyama, na hadi leo jalada lake ukilinusa kwa karibu utasikia mbavu. Muuzaji alinipangia bei, nikampangia yangu, akacheka, tukakutana mahali ambapo sitapataja kwa sababu mke wangu anasoma blogu hii. Jalada limechakaa pembe, na mwenyewe wa zamani aliandika "Mali ya" na jina lake kwa kalamu ya bluu, kama watu walivyokuwa wakifanya ili sahani zirudi zikiazimwa kwa ajili ya sherehe.

Nilipofika hotelini nikakaa chini ya taa kulisoma vizuri. Nikafika kwenye majina ya wanamuziki, pale palipochapishwa Mwile. Ile e ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya bluu ile ile, na juu yake, kwa uangalifu wa mwalimu anayesahihisha imla, imeandikwa i.

Nilikaa na hilo jalada muda mrefu. Hamsini na kitu ya miaka, na kuna mtu aliwahi kukaa Nairobi, au Mombasa, au popote sahani hii ilipopita, akaisoma kama ninavyoisoma mimi, akakerwa na lile lile, akachukua kalamu. Hakusahihisha Mchezaji. Labda alipenda, kama mimi.

Hii inanifikisha kwenye ugomvi wetu wa Jumamosi. Tunakutana watu wanne kwangu, kila mmoja na sahani mbili, na ugomvi ni ule ule: chapa ya kwanza au toleo jipya? Rafiki yangu mmoja, fundi wa spika Sinza, ni mtu wa chapa ya kwanza mpaka kaburini. Akishika sahani ya Blue Note, ile kampuni ya jazi ya New York, haangalii jina la wimbo. Anawasha tochi ya simu, anasoma lile eneo tupu kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Anatafuta herufi RVG, alama ya Rudy Van Gelder, aliyekuwa daktari wa macho mchana na mrekodi wa jazi wakati mwingine wote, kwanza sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, halafu kuanzia 1959 kwenye studio yake Englewood Cliffs. Akiiona RVG anatafuta alama nyingine ndogo iliyopinda kama sikio, ya kiwanda kilichokandamiza sahani za Blue Note mpaka 1966. RVG ipo, sikio lipo, fundi anashusha pumzi. Kisha ndipo anauliza, "Nani huyu anapiga?"

Namtania, ila ana hoja. Sahani inachorwa kutoka kwenye mkanda, na mkanda unazeeka. Chapa ya 1959 ilichorwa mkanda ukiwa mbichi. Toleo la leo, hata likiwa la watu makini, kama ule mfululizo wa Tone Poet ambao Blue Note waliuanza 2019 wakichora moja kwa moja kutoka mkanda mama, linatoka kwenye mkanda wenye umri wa babu.

Mimi humjibu kwa Kind of Blue. Siku ile ya 2 Machi 1959 mashine iliyorekodi mkanda mkuu ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Mkanda uliorekodiwa polepole ukiuchezesha kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inapanda. Kiasi kidogo, huwezi kukigundua ukiwa umekaa na bia yako. Lakini mtu aliyeketi kwenye piano kujifunza So What, wimbo wa kwanza, kwa kuigiza santuri alikuta vidole vyake viko sahihi na sauti haikubaliani. Upande mzima wa kwanza, nyimbo tatu, zilitoka hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Ni miaka ya 1990 ndipo wahandisi wa Sony walipourudia mkanda wa akiba, uliorekodiwa siku ile ile na mashine nyingine iliyokuwa nzima, wakazirudisha zilikotakiwa kuwa. Na matoleo ya mwanzo kabisa yalichanganya hata majina ya nyimbo mbili za upande wa pili. Kwa hiyo anayetoa mamilioni kwa chapa ya kwanza analipia muziki unaokwenda mbio na jalada lenye makosa.

"Ndiyo," fundi anasema, "lakini ndivyo walivyousikia watu wa 1959. Coltrane mwenyewe, aliyepiga saksafoni humo, akiiweka nyumbani kwake alisikia hiyo hiyo."

Tumelibishania hili labda mara kumi. Huwa nashinda kabla ya chakula na kushindwa baada ya chakula.

Kitu kimoja kimenifanya nisiamini sana masikio ya wakusanyaji, yangu yakiwemo. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba kampuni moja maarufu ya Marekani, inayouza matoleo mapya ya bei mbaya kwa watu wanaoapa kwamba dijitali inaua muziki, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikipitisha mikanda kwenye dijitali kabla ya kuchora sahani. Watu walikuwa wamezisifia sahani hizo kwa kurasa na kurasa: joto lake, pumzi yake, uhai ambao kompyuta haiwezi kuuleta. Hakuna sikio lililoshtuka. Kesi zikafunguliwa. Fundi aliposikia alinyamaza wiki mbili.

Halafu kuna matoleo ya Ulaya, na hapa lazima nikiri, ndiyo ninayoyamudu. Sheria ya huko ilikuwa inalinda rekodi kwa miaka 50. Walipoiongeza hadi 70 mwaka 2013, zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikufufuliwa. Hiyo ina maana kwamba jazi yote iliyotolewa kabla ya 1963, yaani karibu kila kitu ambacho mtu wa jazi anakilia, iko wazi Ulaya. Yeyote mwenye pesa ya kiwanda anaweza kuikandamiza bila mkanda mama na bila kumlipa mwenye rekodi. Wengine wanachukua tu CD wanaichora kwenye vinili. Ndiyo maana sahani za 1959 zimejaa madukani na sahani za 1971 ni za kutafuta kwa tochi. Wanamuziki waliopiga na familia zao hawapati malipo ya rekodi hapo. Najua hilo. Nimenunua nne.

Ya nne ndiyo ile ya dirishani, iliyotikiswa kama nazi: Uhuru Afrika.

Randy Weston alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, mtu wa zaidi ya futi sita na nusu, na mwaka 1960, nchi zaidi ya kumi na tano za Afrika zilipokuwa zikipandisha bendera mwaka mmoja, aliamua kuziandikia muziki. Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lingepaswa kuwa kubwa mara tatu ya lilivyo, ndiye aliyeupanga kwa ajili ya wanamuziki zaidi ya ishirini. Ngomani waliwekwa Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba, na Max Roach. Langston Hughes aliandika shairi. Weston hakutaka shairi hilo lisomwe kwa Kiingereza peke yake. Alitaka lugha ya Afrika, na alipowauliza watu wa Umoja wa Mataifa pale New York, jibu likawa Kiswahili. Aliyepewa kazi ya kulisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Jina hilo kwetu halina haja ya ramani. Sanga ni Ukinga, ni Makete, ni baridi na viazi.

Ilirekodiwa Novemba 1960. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo mtu huyu alisimama mbele ya maikrofoni ya Wamarekani akautangaza uhuru kwa lugha ya kwao ilhali nchi yake bado ilikuwa na gavana na bendera ya Malkia, na mwaka mzima na ushei mbele yake. Mwaka 1964 Afrika Kusini waliipiga marufuku. Walielewa walichokisikia.

Na tazameni jina la wimbo wa mwisho: Kucheza Blues. Sijui mtu wa Brooklyn alilipataje sawasawa hivyo miaka kumi kabla ya Mchezaji, lakini ukiusikia ule wimbo huulizi tena. Unachezwa. Kwa miguu.

Mjomba alikuja Jumapili jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Leo unaniwekea wale wasio na mtindo?" Nikamwambia asubiri. Niliipangusa sahani kwa kitambaa laini, ingawa ni mpya, kwa sababu vumbi la Kijitonyama halijui mpya. Nikashusha sindano.

Alikuwa amenyoosha miguu. Sauti ya Sanga ilipotoka, aliikunja.

"Huyu nani?"

Nikamweleza.

"Mwaka sitini? Marekani? Nani alimpeleka?" Halafu, kabla sijajibu, "Nyamaza kwanza. Rudisha."

Nikarudisha. Tukasikiliza mara mbili mwanzo ule, na mara zote mbili mjomba alikuwa akisogeza midomo nyuma kidogo ya msomaji, kama mtu anayeitikia dua. Mara ya tatu aliyerudisha ni yeye mwenyewe, kwa kunielekeza kwa kidole, na sindano ilikuwa ndiyo kwanza imekaa umeme ulipokatika.

Giza. Feni ikapunguza, ikanyamaza. Spika zikafa. Wapangaji wa juu wakapiga ile kelele inayopigwa kila mara. Nikanyanyuka kutafuta tochi, mjomba akanishika mkono. "Sikiliza."

Mashine yangu ni ya mkanda wa mpira, na lile duara la juu ni zito. Umeme ukikatika huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki. Na sindano ikiwa juu ya sahani, hata bila spika, ina kasauti kake. Ukiweka sikio karibu unamsikia mtu mdogo sana, mwembamba kama mbu, anazungumza ndani ya plastiki. Sanga alikuwa bado anasoma. Sauti ilizidi kushuka, maneno yakirefuka, mpaka ikabaki mguno.

Sahani ikasimama. Mjomba akanyoosha kidole, nikaona kwa mwanga wa simu ya jirani dirishani kinakwenda wapi, kidole kilichotoka kula mihogo, na mtu yeyote anayenijua angesema nitapiga ukunga. Akakiweka juu ya ile karatasi ya katikati, akaanza kuzungusha. Haraka mno, Sanga akawa mtoto. Polepole mno, akawa jini. Mjomba akavuta kiti, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kugusa sindano, akawa anautafuta mwendo.